Moteri ya zamani kwenye Kivu: tengeneza njia ya esanse mbele ya kugusa karbirateri



Mwaka 2024, wakati vita vilikata barabara ya Goma–Sake–Minova, mavuno ya upande wa Minova na Kalehe yalibakiwa na njia moja kubwa ya kufika soko la Goma: ziwa. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku na watu wengi wakafa. Ile ilikuwa na watu na muzigo kupita kiasi, na hakuna fundi wa moteri anayeweza kuponya jambo hilo. Lakini kuna hatari ingine ambayo ushirika unaweza kuiondoa kwa mikono yake: moteri inayozima katikati ya maji.

Moteri nyingi tunazotumia zimezeeka. Ni Yamaha za nguvu ya farasi 15, 25 ao 40, zimepita kwa wenye mali watatu ao wane, na kila mumoja ameongeza kamba yake na tuyo yake. Inaondoka muzuri, inakwenda dakika ishirini, kisha inakohoa na kuzima. Unavuta kamba, inawaka kidogo, inazima tena, na upepo wa mchana umekwisha kuamka. Ukifika inchi kavu unaita fundi. Anafungua karbirateri, anapanua jikleri (kile kitobo cha shaba kinachopima esanse) ili moteri «ikunywe zaidi».

Kwa maoni yetu huko ni kuanzia mwisho. Mara nyingi karbirateri haina kosa. Esanse haimufikii, ama inafika na maji ao hewa ndani. Kwa hiyo fuata njia yote toka bidoni.

Bidoni ya njano ya lita 20, yenye tuyo iliyosukumwa kwenye kifuniko, ni mwanzo wa taabu nyingi. Esanse ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Ukifunga kabisa, pompa inavuta mpaka inashindwa. Na ndiyo sababu moteri inakwenda dakika ishirini na si mbili. Ukiacha wazi, mvua na mawimbi vinaingia. Weka tuyo mbili kwenye kifuniko na kuziba vizuri pembeni yazo. Moja ni ya hewa, nyembamba, iliyopindwa kuelekea chini kama kichwa cha fimbo ya muzee. Ingine ni ya kuvuta esanse, na mwisho wake usiguse chini ya bidoni: acha nafasi ya sentimita 2. Maji na uchafu vinalala chini, viache vilale huko. Kila juma mwaga mabaki hayo mbali na ziwa na mbali na moto.

Maji yanatoka wapi? Kila mutu anajua kwamba esanse ya kadhafi wa kando ya barabara si sawa kila siku. Mbele ya kuchanganya na mafuta, jaza chupa nyeupe, iache itulie nusu saa: maji ni mazito kuliko esanse, utayaona chini. Petroli ya taa haionekani hivyo. Kwa hiyo dondosha tone moja kwenye karatasi. Esanse safi inakauka haraka bila alama. Yenye petroli ya taa inaacha doa la mafuta linalokawia.

Kisha filtre. Usiweke ile ndogo ya pikipiki peke yake. Tafuta yenye kikombe cha kuonyesha ndani, ambayo inatenga maji, na uifunge wima kwenye ubao wa mutumbwi, kati ya bidoni na mupira wa kufinya. Tuyo iwe ya esanse, si ya maji. Tuyo ya maji inakuwa ngumu, inapasuka, na ufa mudogo usiovuja nje unaweza kunyonya hewa ndani. Moteri ndogo inatosheka na tuyo ya ndani mm 6. Za 25 na 40 zinataka mm 8. Kila kiungo kiwe na koleo lake la chuma, si waya wala raba ya mupira wa baiskeli.

Ule mupira wa kufinya ni daktari wenu, hata kabla ya fundi. Mushale wake uangalie moteri. Siku moteri inaanza kufa, muenzako aufinye palepale mukingali munakwenda. Ikifufuka, ujue esanse ilikuwa inakosa. Sasa angalia mupira wenyewe. Ukiwa umelala bapa kama ngozi ya ndizi, kizuizi kiko nyuma yake: tuyo ya hewa imeziba, filtre imejaa, ao uchafu umeshika mudomo wa tuyo ndani ya bidoni. Ukiwa laini na haujazi hata ukifinya mara nyingi, kuna mahali panapoingiza hewa. Kama unajaza vizuri lakini moteri inaishi tu wakati mutu anafinya, basi pompa ya moteri imechoka. Na kama mupira uko mugumu, ukifinya hakuna mabadiliko, angalia buji na moto wa umeme mbele ya kushutumu esanse.

Pompa hiyo haina umeme wala gia. Ndani yake kuna membrani, ngozi nyembamba inayopigwa na pumzi ya pistoni, mbele na nyuma, na vifuniko vidogo viwili vinavyoruhusu esanse kwenda upande mumoja tu. Membrani ikikauka ao ikipata tundu dogo, pompa inapoteza nguvu kwa muzigo kwanza, ndiyo maana moteri ikiwa bure ufukoni inadanganya kuwa iko nzima. Badilisha kwa membrani ya moteri ile ile. Kukata kipande cha mupira wa ndani wa baiskeli ni kazi bure: esanse inauvimbisha. Pompa pia haivuti toka chini sana, kwa hiyo bidoni isiwe mbali ndani ya tumbo la mutumbwi. Wengine wanatibu hilo kwa kuinua bidoni juu ya ubao ili esanse iteremke yenyewe. Hatupendi. Sindano ya karbirateri ikikwama, esanse yote inamwagika ndani ya mutumbwi, na muvuke wa esanse ni muzito kuliko hewa: unakaa chini, pale watu wanapokaa na yule mama anapobeba imbabura yake.

Kama ushirika umerithi moteri ya zamani zaidi, Johnson ao Evinrude ya miaka ya 1950, utakuta tuyo mbili zinazokwenda kwenye tangi la chuma. Moteri hizo hazina pompa: zinasukuma hewa ndani ya tangi, na mugandamizo ndio unaopandisha esanse. Kifuniko kikivuja kidogo tu, moteri inakufa, na unakaa karibu na tangi la esanse lenye hewa iliyobanwa. Hapa kubadilisha mufumo kuna maana. Tuyo ya hewa inaondolewa na tundu lake kuzibwa. Fundi anatoboa kifuniko cha njia ya hewa ya silinda moja, anafunga chuchu ndogo, na kupeleka pumzi ile kwa pompa ya membrani kwa tuyo fupi isiyolegea. Asitumie lile tundu la zamani la hewa kama lilivyo: lina kifuniko kinachotoa pumzi tu bila kuirudisha, na pompa inataka zote mbili. Vumbi la chuma lisianguke ndani. Kifuniko kitolewe kwanza, kitobolewe mezani. Moteri hizo zinataka pia mafuta mengi, 1 kwa 24, ni karibu ml 830 kwa lita 20. Za Yamaha za kawaida ni 1 kwa 50, yaani ml 400 kwa lita 20. Pima kwa chupa, si kwa jicho.

Sasa karbirateri. Ziwa Kivu liko mita karibu 1.460 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ufukoni mwa bahari, mahali moteri nyingi zilipangiwa. Kwa jikleri ya kiwandani, moteri inapata esanse nyingi kuliko hewa: moshi mweusi, buji nyeusi yenye unyevu, esanse inakwisha mbele ya safari. Ndiyo sababu kupanua jikleri huku kwetu ni kinyume. Kama njia yote ya esanse ni safi na buji ingali nyeusi, weka jikleri ndogo zaidi, namba moja tu, jaribu na muzigo wa kweli karibu na ufuko, kisha toa buji uangalie. Rangi ya kahawa yenye maziwa ni nzuri. Nyeupe kama jivu ni hatari: mafuta yanayolainisha pistoni yanakuja pamoja na esanse, na ukipunguza moja umepunguza yote mawili. Pistoni itashika, na bei ya pistoni inapita bei ya filtre, tuyo na membrani pamoja. Nguvu iliyopotea kwa sababu ya hewa hairudi kwa jikleri. Elisi yenye mupindo mudogo inasaidia zaidi, lakini hiyo ni mada yake.

Andikeni namba ya jikleri kwa rangi ndani ya kofia ya moteri, na ile ya zamani ikae katika kichupa kwa mutunza-mali wa ushirika. Moteri ikiuzwa kwa wavuvi wa Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward lililo mita karibu 910, jikleri ya kwanza irudi mahali pake mbele ya moteri kupanda gari.