Mbolea ya Naitrojeni na Mahindi ya Malisho

Mkulima wa Mwanga, wa Ujiji au wa bonde la Luiche apandaye mahindi ili kumlisha ng'ombe wake hana budi kuijua mbegu yake kabla ya kununua mbolea, kwani mahindi hayali sawa.

Naitrojeni ndiyo chakula cha majani. Mmea ukiikosa, majani ya chini hugeuka manjano tokea nchani, na umanjano hufuata uti wa jani. Ukiipata, majani hupanuka, mabua hunenepa, na sehemu ya chakula iletayo maziwa huongezeka ndani yake.

Lakini mbegu fupi ikomaayo upesi ina siku chache za kula. Ukiizidishia, mvua huipeleka ziada chini kusikofika mizizi, na fedha yako imekwenda nayo. Mbegu ndefu ikawiayo hutumia zaidi na kukupa majani mengi. Ila zile ndefu za asili, zikishibishwa mno, huangushwa na upepo. Staha, iliyotolewa mwaka 1983, ilikusudiwa nchi za chini, nayo huvumilia ugonjwa wa milia. Ufuko wetu uko mita 770 hivi juu ya bahari, basi yatufaa. H614 ya Kitale, Kenya, ni ndefu sana, lakini ni ya nyanda za baridi. Asije mtu akaileta ziwani kwa kuutamani urefu wake.

Mfuko wa yuria wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Ukipanda mistari ya futi mbili na nusu, na mashimo ya futi mbili, miche miwili kila shimo, ekari ina mashimo 8,700 hivi. Kizibo kimoja cha soda kwa shimo chatosha; kwa mbegu fupi mimi naona nusu yake. Tia mahindi yafikapo magotini, udongo ukiwa na unyevu, kisha fukia, maana yuria iliyoachwa juu hupotea hewani. Uliyekwisha kutia samadi nyingi, punguza.

Sasa liko jambo la hatari, na mbegu yoyote yaweza kulileta. Mahindi yaliyotiwa mbolea nyingi, kisha yakapigwa na ukame, huweka naitreti katika mabua, hasa sehemu ya chini. Ng'ombe mwenye njaa akiyala mengi hupumua kwa shida na kutetemeka, damu yake hugeuka kahawia, naye aweza kufa siku ile ile; mwenye mimba aweza kuitoa. Hatari huzidi siku chache baada ya mvua kurudi. Ngoja wiki moja, kata futi moja juu ya ardhi, umpe kwanza majani mengine makavu. Kuyaanika mahindi hayo juani hakuondoi sumu. Kuyashindilia shimoni yawe sileji huipunguza, yakikaa wiki tatu au nne. Mbuzi nao hudhurika. Uonapo dalili hizo, ondoa malisho upesi, usimkimbize mnyama, ukamwite daktari wa mifugo saa ile ile.