Skramu Huhitaji Uhandisi

Skramu ni utaratibu wa kusimamia kazi ya timu inayounda bidhaa ngumu kutabirika, hasa programu za kompyuta. Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliuwasilisha mwaka 1995 katika mkutano wa kitaalamu mjini Austin, Marekani. Kazi hugawanywa katika vipindi visivyozidi mwezi mmoja. Timu hupanga, hukutana kwa muda mfupi kila siku, na mwishoni huonyesha ilichokamilisha. Kuhusu namna ya kuandika msimbo wenyewe, Skramu iko kimya.

Pengo hilo huzibwa na mbinu za uhandisi, nyingi zikitoka katika Extreme Programming, ambayo Kent Beck aliikuza kuanzia mwaka 1996 kwenye mradi wa mfumo wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler. Wanaprogramu huandika wawiliwawili, na kazi za wote huunganishwa mara nyingi kwa siku. Kiini cha yote ni kuandika jaribio kabla ya msimbo.

Chukua hesabu ya mshahara. Mfanyakazi hulipwa dola 20 kwa saa, na kila saa inayozidi 40 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu. Akifanya kazi saa 45, anastahili dola 800 za saa za kawaida na 150 za ziada, jumla 950. Mwanaprogramu huanza kwa kuandika jaribio linalodai jibu hilo. Programu isiyojua kanuni ya ziada hutoa 900, na jaribio huwaka rangi nyekundu. Huandikwa msimbo wa kutosha tu kuleta 950; rangi hugeuka kijani. Hapo ndipo msimbo husafishwa: majina huwekwa wazi, marudio huondolewa, na jaribio huendeshwa tena kuhakikisha jibu halikubadilika.

Jaribio hilo halitupwi. Mwashi hupima ukuta kwa timazi kila anapopandisha safu, kwa kuwa tofali lililopinda chini hupindisha yote ya juu yake. Vivyo hivyo, anayeongeza posho ya usiku miezi 6 baadaye na kuivuruga kanuni ya ziada huona nyekundu papo hapo, kabla mshahara wa mtu haujapunjwa.

Uwezo huo wa kugundua kosa papo hapo ndio unaoipa Skramu kasi ya kudumu. Bila majaribio, kila kipindi huacha kasoro zinazolimbikizana, hadi badiliko dogo lichukue wiki nzima.

Mahali pa kuziunganisha pande hizi mbili ni makubaliano ya timu kuhusu kazi iliyokamilika: ina majaribio, imesafishwa, imeunganishwa na kazi za wengine, na majaribio yote ni ya kijani. Majaribio hayanasi kila kosa. Hata hivyo, timu inayoanza Skramu iyaandike katika makubaliano hayo tangu kipindi cha kwanza, maana kuyaongeza kwenye msimbo uliokwisha kuchakaa ni kazi ngumu zaidi.