Vichwa vya Kuku Vilivyozuia Kichaa

Sogeeni, wajukuu zangu, leo twende Uswisi, nchi ya milima na theluji, anakoishi mbweha mwekundu.

Mwaka 1967 kichaa cha mbwa kiliingia huko kikitokea mashariki mwa Ulaya. Kwetu anayekieneza sana ni mbwa. Kule alikuwa mbweha. Mbweha akishaugua hupoteza woga, huingia kijijini mchana kweupe, akauma mbwa, ng'ombe, hata mtu.

Watu wakaona hakuna dawa ila kuwamaliza mbweha. Wakawapiga risasi. Wakapuliza gesi mapangoni, mama na watoto wakafia humo humo. Na ugonjwa ukaendelea! Mnajua kwa nini? Kila mbweha ana eneo analolinda. Akiuawa, eneo hubaki wazi, na mbweha vijana kutoka mbali huja kuligombea. Hapo hung'atana, na kichaa hupita kwenye meno. Tena jike huzaa watoto wanne au watano kwa mara moja, basi pengo halikawii kuzibwa.

Ndipo daktari wa mifugo Franz Steck na wenzake wakasema: tuwachanje. Lakini nani ataweza kumkamata mbweha mmoja mmoja msituni amdunge sindano? Wakachukua vichwa vya kuku. Chini ya ngozi ya kila kichwa wakapachika kifuko chenye chanjo ya majimaji. Mbweha akitafuna, jino linatoboa kifuko, chanjo inamwagika kinywani. Wakaongeza na dawa inayoacha alama mifupani, ili baadaye wajue nani alikula na nani hakula. Kila nikilisimulia hili nafurahi upya, maana walifikiria kwanza mnyama mwenyewe anapenda nini.

Oktoba 1978 wakavitawanya vichwa hivyo katika bonde la mto Rhône, karibu na Ziwa Geneva, ambako ugonjwa ulikuwa ukipanda bonde. Huku milima, huku milima. Mbweha hana njia nyingine ya kupita. Njia hiyo ikajaa mbweha waliochanjwa, na kichaa kikakomea hapo. Nchi jirani zikafuata, baadaye vyambo vikaangushwa hata kwa ndege, na mwaka 1999 Uswisi ikatangazwa kuwa haina tena kichaa hicho.

Je, siku hizi mbweha haguswi? Anawindwa bado, ila kwa sheria. Mwindaji lazima awe na kibali. Sumu ni marufuku, na mitego ya kitanzi vilevile. Kuanzia tarehe 1 Machi hadi 15 Juni msimu wa kumwinda hufungwa, kwa sababu ndio wakati wa kulea. Watoto wa mbweha huzaliwa hawaoni, na mama akipigwa risasi wao hufa njaa pangoni. Mimi naiona hiyo kuwa sheria yenye huruma. Mfugaji naye ana kazi yake miezi hiyo: kufunga banda la kuku kila jioni, na kuuzika waya wa uzio ardhini, maana mbweha ni fundi wa kuchimba.