Mkongo Ukikatika, Faili za Karatu Zibaki Karatu

Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Karatu haina pwani. Lakini mji huu unaishi kwa watalii, na shughuli zao nyingi za simu hupitia huko baharini.

Chukua meneja wa hoteli anayemtumia dereva, aliyeketi naye meza moja, picha ya pasipoti ya mgeni atakayeingia geti la hifadhi la Loduare kesho asubuhi. Picha hairuki kutoka simu hadi simu. Inapanda mnara, inaingia kwenye mkongo, inafika seva ya kampuni ng'ambo, ndipo inarudi Karatu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo safari yote hiyo hatuihisi. Tunaihisi siku njia inapokatika.

Intaneti haikubuniwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mhandisi Paul Baran wa taasisi ya RAND, Marekani, alitafuta mtandao utakaosalimika hata baada ya shambulio la nyuklia. Hesabu zake, zilizochapishwa mwaka 1964, zilionyesha kuwa kituo kikuu hakihitajiki. Kila kituo kikishikana na majirani watatu au wanne tu, vingi vinaweza kuharibiwa na vilivyobaki vikaendelea kuwasiliana. Ujumbe ukatwe vipande, kila kipande kijitafutie njia. Kwangu huo ni miongoni mwa ugunduzi mkubwa wa karne iliyopita, na sisi tumeugeuza kwa kurundika maisha yetu kwenye seva za kampuni chache. Oktoba 4, 2021, amri moja iliyokosewa wakati wa matengenezo ilizima Facebook, WhatsApp na Instagram dunia nzima kwa saa sita hivi.

Wazo la Baran linaweza kuanzia ofisini kwako. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inaenea kiganjani na hula umeme wa wati 5 hivi, kiasi ambacho sola ya kawaida hukimudu. Iunganishe na ruta ya waifai, weka Nextcloud, programu huria isiyolipiwa, na ratiba za safari, risiti na picha zitakaa humo. Simu zilizo kwenye waifai hiyo zitazifikia hata bando likiisha. Shule nayo inaweza kuweka Kiwix, wanafunzi wakasoma Wikipedia bila intaneti kabisa.

Kazi yake ipo, tusidanganyane. Diski hufa, wezi huingia, programu hudai kusasishwa, na fundi ni wewe. Weka nakala ya pili kwa ndugu yako Arusha, imefungwa kwa nywila. Usiifungulie seva yako dunia nzima kabla hujajua kuilinda. Waifai ya ndani inatosha kuanzia.

Tangu Mei 1, 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini, na pasipoti ya mgeni ni taarifa binafsi popote unapoihifadhi. Basi anza na picha za pasipoti: zitoe leo kwenye makundi ya WhatsApp, uziweke mahali ambapo ufunguo unao wewe.