Kabla ya Kununua Betri Mpya kwa Gari Lako la Zamani

Mwenye gari la miaka kumi na mitano au zaidi huifahamu asubuhi ya namna hii: ufunguo unazungushwa, stata inajibu kwa uvivu, taa za dashibodi zinafifia, kisha kimya. Jirani analeta waya za kubusti, gari linawaka, na kila aliyesimama pale anatoa ushauri mmoja tu, kwamba betri imekufa, inunuliwe nyingine. Huenda ushauri huo ni sahihi. Lakini iwapo si sahihi, mlaji atanunua betri mpya, na baada ya wiki chache gari litagoma tena. Atarudi dukani akidai ameuziwa betri mbovu. Muuzaji atamjibu kuwa ubovu uko kwenye gari, na kwamba dhamana haihusu ubovu wa gari. Katika mgogoro wa aina hiyo, asiye na kipimo chochote mkononi ndiye hupoteza.

Betri ni ghala, na alternata ni shamba linalolijaza. Kila unapowasha gari, stata huchota akiba kubwa kwa sekunde chache, kisha injini ikiunguruma alternata hurudisha kilichochotwa. Kwa hiyo ghala likiwa tupu, maswali ni matatu: je, ghala lenyewe limetoboka, shamba halizai, au kuna mwizi wa usiku?

Anza na jambo jepesi kuliko yote. Fungua boneti utazame ncha mbili za betri. Unga mweupe au wa kijani uliojikusanya hapo, au kishikizo kinachochezacheza ukikishika, hutosha kabisa kuzuia umeme usifike kwenye stata. Tumewahi kusikia mengi kuhusu betri nzuri zilizotupwa kwa sababu ya uchafu ambao ungeondolewa kwa maji ya moto na brashi ya waya. Unapofungua, anza na waya wa hasi. Unapofunga, malizia na huohuo. Usivute sigara karibu, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo.

Hatua inayofuata ni kupima. Mita ya umeme ya kawaida, ambayo fundi umeme yeyote wa magari anayo, inatosha. Gari likiwa limezimwa usiku kucha, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebakiwa na kama nusu ya akiba yake. Ikishuka chini ya 12, iko karibu tupu. Hata hivyo, na hapa ndipo wengi hukosea, usomaji wa chini hauthibitishi kuwa betri ni mbovu. Unathibitisha kuwa ina njaa. Hukumu ya haki hutolewa baada ya kuilisha: ichajiwe polepole kwa saa nyingi, si ile chaji ya haraka ya saa moja kando ya barabara, kisha iachwe ikiwa haijaunganishwa na kitu hadi kesho yake. Ikibaki karibu na volti 12.6, ipeleke kwenye mtihani wa pili: mtu awashe gari huku fundi akitazama mita. Volteji itashuka, na haina budi kushuka, lakini ikianguka chini ya 9.6 hivi ilhali betri ilikuwa imejaa, hapo uwezo wake umekwisha.

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo. Ukiichaji ikajaa na bado ikasoma 10.5, chumba kimoja kimekufa, na hakuna fundi atakayekifufua. Tunasema hivyo kwa mkazo kwa sababu wapo wanaojitolea kuifufua betri kwa kuiongezea asidi. Asidi hiyo huyafanya maji ya betri yaonekane mazito yanapopimwa, lakini uwezo haurudi, na mabamba ya risasi ndani huliwa upesi zaidi. Betri ya kufungua vifuniko huongezewa maji maalumu ya betri, yasiyo na chumvi wala madini, na si kitu kingine. Zile zinazoitwa betri kavu (ingawa nazo zina asidi ndani) huwa na kijidirisha cha rangi juu. Usikitegemee sana, maana huonyesha hali ya chumba kimoja tu kati ya sita.

Sasa pima shamba. Injini ikiwa imewaka, mita kwenye betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikisoma 12 na ushee, alternata haichaji, au mkanda wake umelegea. Betri mpya utakayoweka itakufa njaa kama iliyotangulia. Ikizidi 15, betri inachemshwa. Kipimo hiki huchukua dakika moja, nasi hatuoni sababu ya muuzaji yeyote kukikataa.

Mwizi wa usiku ni redio, kengele ya ulinzi au taa ya buti inayoendelea kunywa umeme gari likiwa limezimwa. Ukishuku hivyo, chaji betri, kisha ondoa waya wa hasi jioni na uurudishe asubuhi. Gari likiwaka vizuri siku hiyo, na likigoma siku ambazo waya uliachwa, mtafute fundi umeme kabla ya kwenda dukani.

Umri nao una neno. Joto huharakisha uchakavu wa betri, na katika miji ya pwani betri iliyotimiza miaka mitatu au minne inastahili kupimwa hata kama haijaleta taabu. Foleni za Dar es Salaam huongeza mzigo: injini ikizunguka polepole, kiyoyozi na taa zikiwaka, alternata hurudisha kidogo. Betri yenye umri huo iliyoshindwa mtihani baada ya kujazwa haifai kubembelezwa. Ibadilishe kabla haijakuacha njiani usiku.

Ikifika hapo, nunua kwa macho. Magari mengi ya mtumba nchini yametoka Japani, na betri zake huandikwa namba kama 55D23L. Namba ya kwanza huonyesha daraja la uwezo, herufi inayofuata ni ya upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho huonyesha upande ilipo ncha ya chanya. Ukikosea herufi hiyo ya mwisho, waya hazitafika, au zitafungwa kinyume na kuunguza fyuzi au alternata. Uliza tarehe ya kutengenezwa, na betri ipimwe palepale. Iliyokaa rafuni hadi ikashuka chini ya volti 12.4 usiipokee kama mpya. Dai risiti, na mwombe anayeifunga aandike kwenye kadi ya dhamana volteji ya alternata siku hiyo. Maandishi hayo machache ndiyo yatakayojibu hoja ya “gari lako ndilo bovu”. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na betri ya zamani iliyosafishwa ikauzwa kama mpya ni upotoshaji.

Betri kuukuu usiitupe, wala usimwage maji yake shambani au mtaroni. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Ina thamani pia. Maduka mengi huipokea na kupunguza bei ya mpya, basi uliza punguzo hilo kabla hamjaafikiana bei, si baada ya kulipa.