Maoni ya Wanaojitolea na Ajenda ya Yatokanayo

Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2003, huandikwa na watu wasiolipwa mshahara wala posho, ambao hununua bando kwa fedha zao, hutafuta marejeo na kusahihishana, na ambao huwachagua wachache miongoni mwao kuwa wakabidhi, yaani wahariri waliopewa uwezo wa kufuta makala, kulinda kurasa na kuwazuia waharibifu. Kwa msomaji anayetaka kujua kwa lugha yake habari za magofu ya Kaole, kilimo cha mwani cha Mlingotini au chuo cha uvuvi cha Mbegani, upana na usahihi wa atakachokikuta hutegemea ari ya watu hao, na ari hiyo nayo hutegemea kwa kiasi kikubwa kama wanajiona wenye nyumba au vibarua.

Fedha peke yake haijengi ari ya namna hiyo. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Makala ziliongezeka kwa mamia, lakini washiriki wengi waliweka kalamu chini mara zawadi zilipogawiwa. Waliobaki ni wale waliokuwapo kabla ya zawadi, na ndio ambao kila panapotokea mabadiliko ya uongozi huombwa kutoa maoni.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalipendekezwa kupitia Hati ya Harakati, andiko lililokusudiwa kueleza haki na wajibu wa kila upande katika jumuiya nzima ya Wikimedia, kuanzia mhariri mmoja mmoja hadi Wikimedia Foundation, taasisi ya Marekani isiyo ya kibiashara ambayo humiliki seva na hutunza fedha za michango. Kamati ya watu 15, wengi wao wakiwa wamechaguliwa, iliundwa mwaka 2021 ili kuandaa rasimu, nayo ilizitoa sura zake kwa awamu ili zijadiliwe, ikatoa rasimu kamili Aprili 2024 na matini ya mwisho Juni mwaka huohuo. Ndani yake kulikuwa na pendekezo la kuunda Baraza la Dunia, chombo ambacho kingewapa wanaojitolea nafasi katika maamuzi yanayofanywa na Bodi ya taasisi hiyo.

Kura zilipigwa kuanzia tarehe 25 Juni hadi tarehe 9 Julai 2024. Wahariri zaidi ya 2,400 walishiriki, na kati ya kura za ndiyo na hapana zaidi ya asilimia 73 ziliikubali hati. Vikundi vinavyotambuliwa na Wikimedia navyo viliikubali kwa wingi mkubwa zaidi. Bodi, ambayo kwa mujibu wa utaratibu ilikuwa na kura yake ya peke yake, ilikwisha kuikataa tarehe 8 Julai, siku moja kabla ya upigaji kura kufungwa, na hati ikaanguka. Haki ya Bodi kukataa haikuwa siri, na baadhi ya hoja zake, hasa kuhusu gharama na mkanganyiko wa mamlaka ambao Baraza jipya lingeuleta, zilikuwa na uzito. Kinachoumiza ni mpangilio wa mambo: watu walikusanya na kutoa maoni kwa karibu miaka 3, kisha jibu la mwenye kauli ya mwisho likapatikana wakati wengine bado wanapiga kura.

Jumuiya hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuonyesha njia iliyo bora zaidi. Machi 2022 miongozo ya utekelezaji wa Kanuni ya Jumla ya Maadili, yaani taratibu za kushughulikia matusi na unyanyasaji miongoni mwa wahariri, ilipata asilimia 58.6 ya kura, kiwango ambacho kilitosha kuipitisha. Lakini karatasi ya kura ilikuwa na nafasi ya kuandika sababu, na sababu zilizoandikwa, zikiwamo za faragha ya wanaohusika na mashtaka, zilisomwa na kupelekwa kwenye kamati ya marekebisho. Kura iliporudiwa Januari 2023, matini mapya yaliungwa mkono kwa asilimia 76.

Wakazi wa vijiji vya pwani ya Bagamoyo, Tanzania, si wageni wa jambo hili la kuulizwa maoni huku mwingine akiamua, ingawa kwao linahusu nyavu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inavitambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo wavuvi huviita BMU, na wanaovitumikia kwenye madiko, yaani mahali samaki wanapoteremshwa, wengi hufanya hivyo kwa kujitolea. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 nayo inaitaka halmashauri ya kijiji isikilize wanakijiji kabla ya kutunga sheria ndogo, kisha rasimu hupelekwa kwa halmashauri ya wilaya, ambayo inaweza kuikubali au kuikataa. Hapo pia anayeulizwa siye anayeamua, ila ngazi hizo zinajulikana tangu mwanzo, na diwani aliyeikataa rasimu hukutana na wavuvi hao sokoni.

Wakati wa kuuliza nao una siri yake. Wanaovua dagaa kwa taa huingia baharini nyakati za giza, mwezi usipoonekana, na hupumzika wakati wa mbalamwezi. Mkutano ukiitishwa gizani, watakaohudhuria ni wale wasiovua, na muhtasari utaandikwa kwamba wavuvi wamekubali. Dirisha la maoni la wiki chache, kwa andiko refu lililofikiriwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa baadaye, humkuta mhariri wa Kiswahili katika giza la namna hiyo, na kimya chake huhesabiwa kuwa ridhaa.

Vikao vya Tanzania, vya kijiji kama vya chama cha ushirika, vina ajenda ambayo haikosekani: baada ya kusomwa kwa muhtasari hufuata yatokanayo, ambapo mwenyekiti hutakiwa kueleza, hoja kwa hoja, lililofanyika na lisilofanyika tangu kikao kilichopita, pamoja na sababu zake. Mwanachama aliyesimama kwenye kikao kile akalalamikia ukubwa wa matundu ya nyavu hukaa akisubiri kifungu hicho, na kikirukwa hunyoosha mkono. Katika ukusanyaji wa maoni ya wanaojitolea mtandaoni, ripoti huorodhesha idadi ya washiriki, lugha zilizotumika na mada zilizojirudia. Safu ya kuonyesha hoja ya nani ilibadilisha kifungu gani ni nadra kuonekana, na mkono ulionyooshwa hauna mwenyekiti wa kuuona.