MAHINDI YENYE UKUNGU NI SUMU

Katika mwaka wa 2004, baina ya mwezi wa Januari na Julai, watu 317 wa Makueni, Kitui na wilaya za jirani waliugua maradhi ya ini, na 125 kati yao wakafa. Macho yaligeuka rangi ya manjano, matumbo yakavimba. Maradhi hayo hayakuletwa na mbu wala maji machafu, bali na chakula cha kila siku, yaani mahindi.

Sumu iliyowaua huitwa aflatoksini. Hutokana na ukungu uotao juu ya nafaka zenye unyevu. Moto wa jikoni hauimalizi, wala kuosha mahindi hakutoshi. Kwa hiyo kinga yake haianzi chunguni, huanzia shambani na ghalani.

Mvua zilinyesha wakati usiotazamiwa, na watu wengi waliyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba. Yalipokosa jua na hewa, ukungu ukaota.

Basi yafaa mkulima ayaache mahindi yakomae vizuri, kisha ayaanike juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Unyevu usizidi sehemu 13.5 katika kila 100. Asiye na kipimo aweza kutumia chupa kavu na chumvi kavu. Atie mahindi kiasi cha robo ya chupa, aongeze chumvi kidogo, aitikise, kisha aiache kwa dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi na lazima yarudishwe juani.

Ghala nalo lifagiliwe kabla ya kutia mavuno mapya, paa lisivuje, na magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Punje zilizooza, zilizovunjika au zilizobadilika rangi zichaguliwe na kutupwa.

Wako wanaoona ni hasara kutupa, wakampa ng'ombe mahindi hayo. Hilo nalo ni kosa, kwa kuwa sumu hupita katika maziwa na kuwarudia watoto wa nyumbani. Wengine huyapeleka sokoni, na huko ni kumwuzia jirani mauti.

Gunia moja likitupwa, hasara yake hulipwa na mavuno yajayo. Aliyekufa kwa kulila hakuna mavuno yatakayomlipa.